Kuweka SSD kwenye kompyuta ya mezani: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

SSD ni diski ya kuhifadhi mafaili iliyotengenezwa kwa chipu, inachukua nafasi ya hadidiski ya kuzunguka, na haya maswali kuihusu nimeshayajibu mara nyingi mpaka nimeona bora niyaweke sehemu moja, mtu akiniuliza namtumia tu. Nimeyapanga vile watu wanavyouliza, sio kwa utaratibu wa kitabu, kwa hiyo ukikuta jambo limegusiwa mara mbili nivumilie. Na nazungumzia kompyuta ya mezani, lile boksi ambalo wengi tunaliita "CPU" wakati CPU yenyewe, yaani prosesa, ni kidude tu kimejificha chini ya feni humo ndani.

Kompyuta yangu inajikokota, kweli SSD itasaidia au ndo naenda kupoteza hela?

Kama bado inatumia hadidiski ya kuzunguka, itasaidia, tena sana. Lakini usinunue kwa kubahatisha, pima kwanza. Washa kompyuta, ikishafunguka bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, itakuja Task Manager, angalia safu ya Disk. Kama imeganda kwenye 100% dakika tano nzima huku CPU ikicheza kwenye 10% basi mchawi umeshamwona. Kama kilichojaa ni Memory, iko 95% kila saa, shida yako ya kwanza ni RAM (ile kumbukumbu ya muda inayotumiwa na programu zilizofunguliwa), maana RAM ikijaa Windows inaanza kuazima nafasi kwenye diski, sasa hapo SSD itapunguza maumivu ila ugonjwa utabaki palepale. Na kama diski imetulia, RAM imetulia, ila prosesa ndo inahema kwenye 100%, tunza hela yako, SSD haitabadilisha kitu.

Kwani hadidiski ina kosa gani?

Haina kosa, ndo ilivyoumbwa. Ndani kuna sahani zinazunguka na kuna mkono wenye kichwa cha kusomea, unaenda mbele unarudi nyuma juu ya hizo sahani. Nyingi za mezani zinazunguka mara 7,200 kwa dakika, yaani mara 120 kwa sekunde, ukisikia hivyo unaona ni kasi ya ajabu lakini hebu piga hesabu. Mzunguko mmoja ni milisekunde 8 na ushee, na kwa wastani kichwa kinasubiri nusu mzunguko ndo data ipite chini yake, hiyo ni kama milisekunde 4, ongeza na muda wa mkono wenyewe kusogea, milisekunde 8 au 9 hivi. Jumla inakuja 12 au 13 kwa kila kipande kimoja. Maana yake kwa sekunde nzima hadidiski inaokota vipande 80 hivi vilivyotawanyika, na Windows inapowaka inahitaji maelfu ya vipande vidogovidogo kutoka kila kona! Ule mlio wa krrr krrr unaousikia ukiwasha ndo mkono unakimbizwa huku na kule.

SSD haina cha kuzunguka wala mkono, ni chipu tupu, kipande kinapatikana ndani ya milisekunde 0.1 au chini ya hapo. Kwa hiyo utamu wa SSD haupo kwenye zile MB kwa sekunde zilizoandikwa kwa herufi kubwa kwenye boksi, upo hapa, na ndo maana hata SSD ya kawaida kabisa ukihamia kutoka kwenye hadidiski unaona kama umebadilisha kompyuta nzima.

SATA, M.2, NVMe, hivi ni vitu vitatu au ni kitu kimoja?

Hapa ndo watu wengi wananunua kitu kisichoingia. M.2 ni umbo, kama kipande kirefu cha chingamu kilichobapa. SATA na NVMe ni lugha, yaani namna diski inavyoongea na kompyuta. Sasa kuna SSD ya SATA yenye umbo la kiboksi cha inchi 2.5, inachomekwa kwa kebo mbili. Kuna SSD yenye umbo la M.2 lakini inaongea SATA. Na kuna ya umbo la M.2 inayoongea NVMe, hii inapita kwenye njia za PCIe zilezile zinazotumiwa na kadi ya picha. Hizi mbili za mwisho ukizitazama haraka ni mapacha.

Ukizishika mkononi angalia zile pini za dhahabu. Yenye pengo moja upande mmoja mara nyingi ni NVMe, yenye mapengo mawili mara nyingi ni SATA, lakini kuna NVMe chache zenye mapengo mawili pia kwa hiyo usiapie pengo, soma karatasi iliyobandikwa juu yake au ukurasa wa mtengenezaji.

Na zile namba 2280 usiogope, ni upana wa milimita 22 na urefu wa milimita 80. Ndo saizi ya kawaida kwenye mezani.

Nitajuaje mazabodi yangu inakubali ipi?

Mazabodi ni ule ubao mkuu unaobeba vipande vyote vya kompyuta, na jina lake limechapwa juu yake mwenyewe, kawaida katikati kwa herufi kubwa. Kama hutaki kufungua boksi fungua Command Prompt au PowerShell uandike msinfo32, utaliona kwenye mstari wa BaseBoard. Kama kompyuta ni ya kiwandani, zile za ofisi, tafuta kwa jina la modeli ya kompyuta yenyewe. Halafu tafuta kitabu chake cha maelekezo, uende kwenye ukurasa wa storage, usome sloti ya M.2 inakubali nini, maana zipo zinazokubali SATA peke yake, zipo za NVMe peke yake na zipo za zote mbili.

Ukiwa hapohapo soma na maandishi madogo ya chini. Mazabodi nyingi ukichomeka kitu kwenye M.2, bandari moja au mbili za SATA zinazimika kwa sababu wanagawana njia. Nimeshaona mtu anabadilisha kebo ya hadidiski mara tatu, anadhani imekufa, kumbe bandari imezimwa na SSD aliyoichomeka mwenyewe dakika kumi zilizopita. Ukihamishia hadidiski bandari nyingine inarudi.

Kompyuta yangu ya zamani, haina M.2 kabisa. Nimekwama?

Wala. Chukua ya SATA ya inchi 2.5. Hata kama bandari zako ni za SATA kizazi cha pili, zile za gigabiti 3, utapata chini kidogo ya MB 300 kwa sekunde na ule wepesi wa kuokota vipande vidogo utaupata karibu wote. Kuna watu wanashauri kununua kadi ya PCIe ya kubebea NVMe, inafanya kazi vizuri kama diski ya kuwekea mafaili, ila kuwasha Windows kutoka humo kunategemea BIOS (programu ya mazabodi inayoamka kabla ya Windows) kama inaijua NVMe, na mazabodi za kabla ya 2014 hivi kwa kawaida haziijui. Ujanja wa kuzunguka hilo upo lakini sikushauri kwa kompyuta unayoitegemea.

NVMe ina kasi mara sita na zaidi, si bora hiyo?

Kwa namba ndio. SATA inaishia kwenye MB 550 hivi kwa sekunde, NVMe ya PCIe 3.0 inafika kama 3,500, ya 4.0 kama 7,000 na ya 5.0 inavuka 10,000. Lakini kaa chini uziwashe kompyuta mbili pembeni kwa pembeni, moja ya SATA moja ya NVMe, ufungue brauza, ufungue Word, tofauti utaitafuta kwa tochi. Utaiona ukinakili mafaili makubwa ya video, ukihariri video, ukifungua mashine pepe, kazi za namna hiyo.

Msimamo wangu: kama sloti ipo na bei zinakaribiana chukua NVMe, kwanza haina kebo. Kama sloti haipo usibadilishe mazabodi kwa ajili ya hili, chukua SATA ulale usingizi. Vizazi vinachanganyika bila shida, SSD ya 4.0 kwenye sloti ya 3.0 inafanya kazi ila kwa mwendo wa 3.0. Za 5.0 zinapata moto, zinataka kipoza joto, na kwa mtu wa kawaida sioni sababu.

Nichukue ukubwa gani?

GB 256 inatosha Windows na programu za ofisi, lakini utaanza kuhesabu nafasi mapema. GB 500 ndo naiona ya kati na kati. TB 1 kama unacheza gemu, maana gemu moja siku hizi linakula GB 100 bila hata aibu.

Na usije ukarudi dukani kugomba kwamba umeibiwa. SSD ya GB 500 Windows itakuonyesha kama 465, ya TB 1 itaonyesha 931. Mtengenezaji anahesabu kwa elfu, Windows inahesabu kwa 1,024, ukubwa ni uleule. Ila usiijaze mpaka juu, acha kama asilimia 10 au 15 wazi, SSD iliyojaa inapunguza mwendo wakati wa kuandika.

TLC, QLC, DRAM, haya maneno nayo yananihusu?

Kidogo. TLC inaweka biti tatu kwenye seli moja, QLC inaweka nne, kwa hiyo QLC inakuwa na bei nafuu ila inachoka mapema na ukinakili faili kubwa mfululizo inaanza vizuri halafu ghafla mwendo unaporomoka, wakati mwingine unashuka chini ya hadidiski. Kwa diski ya Windows chukua TLC. DRAM ni kumbukumbu ndogo ya pembeni inayoisaidia SSD kukumbuka kitu kimekaa wapi, kwenye SATA ina maana zaidi, kwenye NVMe nyingi zisizo nayo zinaazima kidogo RAM ya kompyuta na maisha yanaenda.

Ukikuta SSD ya TB kadhaa kwa bei ya fleshi ujue hiyo ni fleshi imevalishwa boksi. Inadanganya ukubwa, ukishapita nafasi yake halisi inaanza kuandika juu ya mafaili yako.

Niandae vitu gani kabla sijafungua boksi?

Bisibisi ya nyota. Kama ni SATA, kebo ya data, na hapa sikiliza vizuri kwa sababu SSD nyingi zinakuja peke yake bila kebo, bila skrubu, watu wanafungua boksi usiku halafu wanakaa wanaangaliana nayo. Angalia pia kama paosaplai (kile kiboksi kinacholisha umeme kompyuta nzima) ina kichwa cha umeme cha SATA kilichobaki, kile chembamba chenye kona kama herufi L. Na kama paosaplai yako ni ile ya kebo za kuchomoa, usichomeke kebo ya paosaplai nyingine hata kama inaingia vizuri, upande wa paosaplai kila mtengenezaji anapanga pini anavyotaka yeye, unaweza kuunguza diski zote kwa sekunde moja.

Kile kibati cha kushikilia kiboksi cha inchi 2.5 kwenye nafasi ya inchi 3.5 ni kizuri ila sio lazima. SSD haitetemeki, hata ukiibana kwa skrubu mbili upande mmoja inatosha.

Kwa M.2 tafuta skrubu yake kabla ya yote. Ni ndogo sana, na mara nyingi inakaa kwenye kimfuko ndani ya boksi la mazabodi ambalo ulishalitupa zamani.

Kuichomeka yenyewe ikoje?

Zima, chomoa waya wa umeme ukutani, halafu bonyeza kitufe cha kuwashia sekunde chache umeme uliobaki uishe. Gusa chuma cha boksi kwa mkono kabla hujashika kitu chochote.

M.2 inaingia kwa kuinama, nyuzi 30 hivi. Usiisukume ikiwa imelala. Ilinganishe pengo na kile kijino cha kwenye sloti, isukume taratibu mpaka pini za dhahabu zinakaribia kupotea, ukiiachia itabaki imeinua mkia juu, watu wengi hapo wanashtuka wanadhani haijaingia, hivyo ndo inavyotakiwa. Ilaze kwa kidole kimoja, funga skrubu, ikigoma acha usilazimishe. Kama kuna kipoza joto toa ile nailoni ya kwenye sponji yake kwanza. Karatasi yenye maandishi ya SSD yenyewe iache.

SATA ni kebo mbili tu, na zote zina ile kona ya L kwa hiyo haziwezi kuingia kinyume labda uwe na hasira.

Nikloni Windows niliyonayo au niinstoli upya?

Kama kompyuta yako inafanya kazi vizuri, ni nzito tu, kloni, yaani nakili diski nzima ilivyo kwenda kwenye SSD. Kama ina virusi, makosa ya ajabu, programu za miaka sita iliyopita ambazo huzijui, instoli upya, usihamishie takataka kwenye nyumba mpya.

Kukloni kuna mitego mitatu. Wa kwanza, kuchanganya diski, unakopi tupu kwenda kwenye iliyojaa, ikitokea hiyo hamna kurudi, kwa hiyo soma jina na ukubwa wa kila diski mara mbili na bekapu iwe kwenye kifaa kingine kilichochomolewa. Wa pili ni BitLocker, lile kufuli la Windows linaloficha data ya diski, isimamishe kwanza na ufunguo wake wa kurejesha uwe nao, kwenye karatasi kama ni lazima. Wa tatu ni ukubwa, programu ya Clonezilla kwa mfano ni ya bure na inafanya kazi safi ila kwa kawaida inataka diski mpya iwe sawa au kubwa kuliko ya zamani. Ukitoka TB 1 kwenda GB 500 tumia programu inayopunguza partisheni (yaani sehemu iliyogawanywa ya diski) yenyewe, watengenezaji wengi wa SSD wanatoa yao bure kwa diski zao.

Jingine kwa wanaohamia NVMe: Windows ya zamani iliyoinstoliwa kwa mtindo wa MBR (namna ya zamani ya kupanga diski) haitawaka kutoka kwenye NVMe, inataka GPT, namna mpya ya kupanga diski, na UEFI, yaani BIOS ya kisasa. Windows 10 kuanzia toleo la 1703 inakuja na kifaa kinaitwa mbr2gpt kinachobadilisha bila kufuta, ila bekapu kwanza, sichoki kulisema hili.

Laisensi ya Windows nayo itapotea?

Hapana. Laisensi ya kidijitali imefungwa zaidi kwenye mazabodi, kubadilisha diski peke yake hakuitoi. Ukiinstoli upya wakati inauliza namba chagua kwamba huna, ikiunganishwa na intaneti itajitambua, mradi uwe umeinstoli toleo lilelile, Home kwa Home na Pro kwa Pro.

Kwanini kila mtu anasema nichomoe hadidiski wakati wa kuinstoli?

Kwa sababu yaliyonikuta mimi. Niliinstoli Windows kwenye SSD mpya huku hadidiski imechomekwa pembeni, ikaenda vizuri, nikafurahi, miezi miwili mbele nikaitoa hadidiski nimpe mtu. Kuwasha, skrini nyeusi, maandishi meupe yanasema hakuna diski ya kuwashia. Nikadhani SSD imekufa. Kumbe Windows ilipokuwa inajiinstoli ilikuta ile partisheni ndogo ya kuwashia ipo tayari kwenye hadidiski, ikaona ya nini kutengeneza nyingine, ikaitumia hiyohiyo. Windows yenyewe ilikuwa kwenye SSD lakini ufunguo wa mlango ulikuwa kwenye diski niliyoitoa. Ilibidi nikaombe diski yangu nirudishiwe, na aliyenirudishia alicheka sana.

Chomoa. Ni kebo moja tu, ukimaliza unairudisha.

Nimeichomeka lakini kwenye This PC haionekani

SSD mpya haina partisheni, kwa hiyo This PC haiwezi kuionyesha. Bonyeza kulia kwenye kitufe cha Start, fungua Disk Management, itakuuliza uianzishe, chagua GPT, halafu kwenye ile nafasi yenye mstari mweusi tengeneza New Simple Volume. Kama hata huko haipo nenda kwenye BIOS. Kama na BIOS haiioni basi ni kebo, bandari, au umeweka M.2 ya SATA kwenye sloti ya NVMe.

Kompyuta ya zamani ukiona kwenye BIOS kwamba SATA iko kwenye IDE (hali ya zamani) ibadilishe iwe AHCI (hali ya kisasa), ila fanya hivyo kabla ya kuinstoli. Ukibadilisha Windows ikiwa tayari imo inaweza kugoma kuwaka, usitishike, rudisha ilivyokuwa itawaka.

Niifanyie defragi?

Hapana, haina mkono wa kukimbizwa kwa hiyo kupanga vipande hakusaidii, kunaongeza kuandika tu. Windows kuanzia 7 inajua kutuma TRIM, ile amri ya kuiambia SSD vipande gani havitumiki tena. Iache ijifanyie.

Nimesikia SSD inakufa haraka

Ina kikomo cha kuandikwa, ni kweli, kinaandikwa kwa TBW. SSD nyingi za GB 500 za TLC zinapewa 300 hivi, yaani terabaiti 300 za kuandika. Mtu wa kawaida akiandika GB 30 kwa siku, na hiyo ni nyingi, kwa mwaka ni kama terabaiti 11, gawanya uone, ni miaka 27. Utaitupa kompyuta kabla.

Kinachoniogopesha mimi ni kwamba ikifa haikohoi. Hadidiski inaanza kugonga, inachelewa, inakupa siku mbili tatu za kuokoa mafaili. SSD leo ipo kesho BIOS haiijui. Na faili ulilofuta, TRIM ikishapita, hata fundi mzuri hawezi kulirudisha.

Gemu litaongeza FPS?

Litafunguka haraka na ramani hazitakukwaza, FPS, yaani idadi ya picha kwa sekunde, ni kazi ya kadi ya picha.

Hadidiski ya zamani niifanye nini?

Ibaki humohumo ndani, ishike picha, sinema na bekapu, kazi hizo inaziweza. Lakini usiifute siku hiyohiyo. Tumia SSD wiki mbili, fungua kila programu unayoitumia, angalia zile nyaraka ambazo unazigusa mara moja kwa mwezi kama zipo kweli. Halafu zima, ichomoe kebo, washa uone kama kompyuta inawaka bila yenyewe. Ikiwaka, hapo sasa formati.